KABURETA HUSINGIZIWA: Siku tatu na Volkswagen ya marehemu

Na Mwandishi Wetu

Yapata saa mbili za asubuhi, Volkswagen ya rangi ya maziwa iliingia katika uwanja wa gereji moja huko Gerezani, Dar es Salaam, ikitoa moshi mweusi na kukohoa kama mgonjwa wa kifua. Ilipofika chini ya mwarobaini ambao ndio paa la gereji hiyo, dereva aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la mafuta, na papo hapo injini ikazimika. Hakuhitaji hata kugeuza ufunguo.

Aliyeshuka ni mama mmoja, mwalimu mstaafu, akifuatana na mjukuu wake wa kiume aliyekuwa likizo ya kidato cha tatu. Fundi, mzee aliyekwisha kuvuka miaka sabini, alinyanyuka kwenye benchi lake huku akifuta mikono kwa kitambaa.

"Karibu, shemeji," alisema. "Nimeisikia sauti yake tangu kona ya barabara. Huyu si yule niliyemzoea."

"Ndiye yule yule, shemeji. Ameugua tu, na kila mganga niliyempelekea amemwongezea ugonjwa."

Mwandishi wa makala haya alikuwa amekwenda hapo kwa shughuli nyingine kabisa. Lakini maneno yaliyofuata yalimfanya akae, akarudi kesho yake, na kesho kutwa pia.

Gari hilo, Volkswagen 1303S la mwaka 1973, lilinunuliwa na marehemu mume wa mama huyo mwaka 1978, likiwa tayari limetumika miaka mitano. Lilimpeleka mama hospitali ya uzazi mara tatu, na mara tatu likamrudisha nyumbani na mtoto. Mwaka 2019 mzee alifariki dunia. Gari likafunikwa turubai nyuma ya nyumba, likakaa hapo miaka minne. Mama alipotaka kulifufua, ili aweze kumpeleka kliniki wifi yake ambaye miguu haimruhusu tena kupanda daladala, aliliita gereji ya kwanza, kisha ya pili. Fundi wa kwanza alisema kabureta imekufa. Wa pili alisema injini yenyewe imekufa. Gari likawa linakunywa petroli kama ng'ombe anywavyo maji, na harufu yake ndani ikawa haivumiliki.

"Wanangu wamenishauri niliuze kwa wanunuzi wa vyuma chakavu," alieleza. "Nimewaambia wanipe nafasi moja ya mwisho. Ukishindwa wewe, shemeji, nitaliuza kwa kilo."

Fundi hakujibu. Alifungua kifuniko cha nyuma, maana injini ya gari hili iko nyuma na hupozwa kwa upepo badala ya maji, akainama akaitazama kwa muda mrefu.

KOO NA MAPAFU

Kabla ya kuendelea, yafaa tueleze kwa ufupi kabureta ni kitu gani, kwani vijana wengi waliokua na magari ya siku hizi huenda hawajapata kuiona.

Injini haichomi petroli ya majimaji. Huchoma petroli iliyopulizwa ikawa ukungu na kuchanganyika na hewa. Kwa uzani, sehemu moja ya petroli huhitaji sehemu 15 hivi za hewa ili iungue yote. Petroli ikizidi, moshi huwa mweusi, plagi hushika masizi na mfuko wa mwenye gari hutoboka. Ikipungua, injini hukohoa, hukosa nguvu na kupata joto la hatari. Kazi ya kabureta ni kupima mchanganyiko huo kila nukta, gari likiwa limesimama, likipanda mlima au likikimbia, bila msaada wa umeme mwingi wala kompyuta.

Namna inavyofanya kazi si ya ajabu kwa yeyote aliyewahi kutumia bomba la mkono la kupulizia dawa ya mbu. Ukisukuma hewa kwa kasi juu ya mdomo wa mrija, dawa hupanda yenyewe na kutoka kama ukungu. Ndani ya kabureta mna koo lililobanwa katikati. Injini inapovuta hewa, hewa hiyo hukimbia mahali palipobanwa, nayo huinyonya petroli kutoka kwenye kibakuli kilicho kando. Mjerumani Wilhelm Maybach ni miongoni mwa waliobuni kabureta ya kupuliza ya namna hii mwaka 1893. Baadaye Wafaransa wawili, Maurice Goudard na Marcel Mennesson, walianzisha jina la Solex, ambalo Volkswagen za mtindo huu zilikuja kulibeba kwa miaka mingi.

Kibakuli kina boya, sawa na lile la tangi la choo: petroli ikijaa, boya hupanda na kusukuma sindano inayoziba njia. Petroli hutoka kibakulini kupitia vitundu vya shaba viitwavyo jeti. Chini ya koo mna bamba la duara, kipepeo, linalofunguka mguu unapokanyaga mafuta. Kuna pampu ndogo yenye kiwambo cha mpira inayomwaga tone la ziada dereva anapokanyaga ghafla. Juu kuna choki, inayobana hewa injini ikiwa baridi na kujifungua yenyewe kwa joto la umeme baada ya dakika chache.

Kabureta ya gari hili ni Solex 34 PICT-3. Namba 34 ni kipenyo, kwa milimita, cha mahali pa kipepeo.

UGONJWA WENYE TAREHE

"Marehemu alikuwa na daftari," fundi alisema hatimaye. "Lipo bado?"

Mjukuu alifungua kisanduku cha mbele, akatoa daftari lenye jalada gumu lililofungwa kwa uzi. Humo, kwa mwandiko wa karani aliyefundishwa kuandika vizuri, mlikuwa na safu nne: tarehe, kilomita, lita na bei. Kurasa za mwanzo wa miaka ya 1980, petroli ilipokuwa haba nchini na magari ya binafsi yakizuiwa kutembea Jumapili alasiri, zilikuwa na mistari michache tu, mingine ya lita tano tano. Lakini hata katika dhiki hiyo mzee hakuacha kuandika. Na mama, baada ya kulifufua gari, aliendelea pale mumewe alipoishia.

Fundi alivaa miwani, akakaa na daftari hilo kwa karibu saa nzima. Mjukuu alianza kukosa subira.

"Babu, mbona huanzi kazi?"

"Nimekwisha kuianza, mjukuu wangu. Njoo uone."

Kwa kidole kilichoingia mafuta ya miaka hamsini, alimwonyesha. Kuanzia 1978 hadi 2019, hesabu ilikuwa ile ile: lita moja kwa kilomita 10, mara nyingine 9, mara nyingine 11 kwenye safari ndefu. Ukurasa wa kwanza baada ya gereji ya kwanza, hesabu iliporomoka hadi kilomita 6 kwa lita, ikabaki hapo.

"Injini iliyochoka huchoka pole pole," alisema. "Mwezi hadi mwezi ungeona ikishuka. Hii imeshuka kwa siku moja. Ugonjwa huu una tarehe ya kuzaliwa. Kuna kitu mtu alikigusa."

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwa limeleta habari ambayo mafundi wawili waliikosa. Na hasara yenyewe si ndogo. Mama huyu hutembea kilomita 300 hivi kwa mwezi. Kwa kilomita 6 kwa lita, zahitajika lita 50. Kwa kilomita 10, lita 30 zatosha. Bei ya petroli ikichukuliwa kuwa shilingi 3,000 kwa lita, tofauti ni shilingi 60,000 kila mwezi, fedha ambayo mstaafu huihisi inapotoka.

Baadaye fundi alimwomba mjukuu awashe injini na kuikanyaga kidogo ili isizimike. Kisha alichovya brashi ndogo katika maji ya sabuni, akapaka pale ambapo ekseli ya kipepeo hutokeza kwenye ubavu wa kabureta. Papo hapo mlio ulibadilika, injini ikatulia. Maji yalipokauka, ikaanza tena kupanda na kushuka.

"Hapo panavuta hewa isiyopimwa," alieleza. "Tundu limelika."

Kisha akashika kijibomba cha shaba kinachoingiza petroli juu ya kabureta. Kilizunguka kati ya vidole vyake kama kidole katika pete pana, na vidole vikarudi vimelowa.

"Zima!" alipaza sauti. "Zima sasa hivi!"

Kijana alizima. Kwa kitambo hakuna aliyesema neno.

Msomaji ambaye hajui aina hii ya gari huenda akadhani mzee alikuwa na hofu ya bure. Kijibomba hicho hakikufungwa kwa nati. Kilishindiliwa tu kiwandani. Miaka ikipita, hulegea. Kikichomoka gari likiwa mwendoni, pampu huendelea kumwaga petroli juu ya injini ya moto, na karibu na hapo ipo distributa yenye cheche. Aidha, kasha la injini hii limetengenezwa kwa madini mchanganyiko yenye magnesi, ambayo yakishika moto huwaka kwa ukali na huzimika kwa shida. Abiria wa kiti cha nyuma, ambao mara nyingi ni watoto, hukaa hatua moja tu kutoka hapo.

"Shemeji," fundi alimwambia mama kwa sauti ya chini, "ile harufu uliyokuwa ukiilalamikia ilikuwa ikikuonya. Leo gari hili halirudi nyumbani."

KWANZA UMEME, KISHA PETROLI

Siku ya pili mwandishi alifika mapema, akitarajia kuikuta kabureta mezani. Badala yake alimkuta mzee amelala ubavuni chini ya gari, akipima nafasi za valvu.

"Mafundi wengi wakisikia gari linakohoa, hukimbilia kabureta," alisema bila kugeuka. "Kabureta husingiziwa. Ukiirekebisha kabla ya kusahihisha valvu na umeme, utakuwa umeficha kosa moja kwa kosa jingine. Kesho litakurudia."

Taratibu yake ilikuwa hii. Injini ikiwa baridi kabisa, nafasi ya kila valvu iwe milimita 0.15. Pointi za distributa zifunguke milimita 0.4. Plagi zisafishwe na nafasi yake iwe milimita 0.7. Taimingi ikaguliwe. Chujio la hewa lifunguliwe na kusafishwa. Kwenye gari hili valvu mbili zilikuwa zimebana na plagi zote nne zilikuwa nyeusi kama chungu cha jikoni. Ni baada ya hayo tu ndipo alipochukua spana na kuzifungua nati mbili zinazoishikilia kabureta.

Kazi ya kuifumua ilifanyika juu ya sinia jeupe la kulia chakula, na kila kipande kiliwekwa kwa mpangilio kilivyotoka. Mzee hana haja ya kukumbuka, sinia humkumbushia. Skrubu tano za juu, gasketi, boya, sindano, jeti. Ndani ya kibakuli mlikuwa na utando wa rangi ya kahawia, mkavu kama gundi ya fundi seremala. Petroli iliyoachwa miaka minne ilikuwa imekauka humo, ikaziba njia.

Jeti kuu ilikuwa imeandikwa 127.5. Kwa jeti za Solex, namba hiyo ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: yaani milimita 1.275. Mzee alichukua kijiti cha kekee chenye unene wa milimita 1.4, akakigeuza upande wa mkia, akakipenyeza. Kikapita bila kugusa.

"Huyu hapa mwizi wako," alimwambia mjukuu.

Yaliyotokea yalieleweka sasa. Fundi wa kwanza alikuta jeti imezibwa na ile gundi. Badala ya kuiloweka na kuipuliza, aliichokoa kwa waya wa chuma. Shaba ni laini. Waya ulikwangua tundu likapanuka. Gari likawaka na fundi akalipwa, lakini tangu siku hiyo kila lita ilitoka kwa wingi usio na kipimo. Kwa kuwa ekseli ya kipepeo nayo ilikuwa ikivuta hewa, injini ilikataa kutulia. Fundi wa pili akajaribu kuituliza kwa kukaza na kulegeza kila skrubu aliyoiona. Makosa mawili yalikuwa yamefichana, moja likiongeza petroli, jingine likiongeza hewa.

Hapo ndipo mwandishi alipoelewa kwa nini mzee huyu huchukia waya. Sheria yake ni kwamba jeti husafishwa kwa kulowekwa na kupulizwa kwa upepo, na ikilazimu sana, kwa unywele mmoja wa brashi. Mwili wa kabureta huoshwa kwa petroli safi au dawa iliyokusudiwa, kamwe si kwa tindikali ya betri, kwani madini yake hulika. Boya hutikiswa karibu na sikio. Likilia maji ndani, limetoboka, litupwe. Sindano hupulizwa kwa mdomo ikiwa imeinuliwa: upepo ukipita, haizibi, nayo hubadilishwa. Kiwambo cha pampu huangaliwa dhidi ya jua. Mwanga ukipenya popote, kimechanika. Cha gari hili kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

Kuhusu jeti mpya, mzee alitoa kopo la maziwa lililojaa jeti alizochomoa kwa miaka mingi katika kabureta zilizokufa kweli. Alipepeta kama mtu anayechagua mchele, akapata 127.5 ambayo haijawahi kuchokolewa. Jeti ndogo, ile ya namba 55, ilikuwa nzima.

Ekseli ya kipepeo ilipelekwa kwa mkereza vyuma mtaa wa pili. Alilitanua tundu lililolika, akaingiza bushi mbili za shaba nyeusi, akalitoboa upya kwa kipimo cha ekseli. Kile kijibomba cha petroli kiling'olewa, tundu likakatwa hesi, na kijibomba kipya chenye hesi kikakazwa mahali pake. Mpira mkuukuu wa petroli, uliokuwa umepasukapasuka kama kisigino cha mkulima, ulibadilishwa pamoja na vibano vyake.

SAILENSA

Siku ya tatu ilikuwa ya kurudishia na kurekebisha. Mzee sasa alimwachia mjukuu bisibisi, naye akakaa pembeni akielekeza. Kiwambo kipya kilipofungwa, alimfundisha asukume mkono wa pampu nje hadi mwisho kabla ya kukaza skrubu nne, ili mpira ujinyooshe vizuri na usikatike mapema. Gasketi zote zilikuwa mpya, na hakuna iliyopakwa gundi.

Injini ilipowaka na kupata joto, na choki ikajifungua wima, ndipo walipoanza kutafuta kile ambacho mafundi wetu hukiita sailensa, yaani mwendo wa injini gari likiwa limesimama. Hapa tutaeleza hatua kwa hatua, kwa faida ya wasomaji wenye gari la aina hii.

Kwanza, skrubu iliyo kwenye mkono wa kipepeo, ambayo wengi hudhani ndiyo ya kuongezea sailensa, ililegezwa mpaka isiguse kitu, kisha ikarudishwa hadi iguse tu ngazi ya chini ya choki, na kukazwa robo ya mzunguko, basi. Katika kabureta hii, skrubu hiyo haikusudiwi kupandisha wala kushusha sailensa. Ndilo kosa linalofanywa na wengi.

Pili, ubavuni kuna skrubu mbili, kubwa na ndogo. Ile ndogo hupima mchanganyiko. Ilikazwa polepole mpaka ikagusa mwisho, bila nguvu, maana ncha yake huharibika upesi, kisha ikafunguliwa mizunguko miwili na nusu. Tatu, ile kubwa, inayoruhusu hewa ya sailensa, ilizungushwa mpaka kipimo kikaonyesha mizunguko 850 kwa dakika. Nne, walirudi kwenye ile ndogo, wakaifungua na kuifunga kidogo kidogo kutafuta mahali injini inapokimbia zaidi. Kisha wakaifunga taratibu mpaka mwendo ukashuka kwa mizunguko 20 au 30 hivi. Tano, kwa ile kubwa, wakairudisha 850.

"Sasa weka kipimo chini, usikilize," mzee alisema.

Kijana aliweka kipimo chini. Kwa mara ya kwanza katika siku tatu, uwanja mzima ulisikia ule mlio unaojulikana wa Volkswagen, wa haraka na wa sawasawa kama cherehani. Mafundi wa magari mengine waliinua vichwa. Mama, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda akimenya chungwa, aliacha kumenya.

Wasomaji wa makamo wanaufahamu mlio huo. Ni gari hili lililoshinda mbio za magari za Afrika Mashariki, baadaye zikijulikana kama Safari Rally, mwaka 1954, 1957 na 1962, katika siku ambazo barabara nyingi zilikuwa vumbi na tope. Magari ya umbo hili yalitengenezwa zaidi ya milioni 21 duniani, na la mwisho lilitoka kiwandani Mexico mwezi Julai 2003. Mengi yamekwisha kuyeyushwa, na hapana shaka baadhi yake hayakuwa yamekufa.

Majaribio yalifanywa Barabara ya Kilwa, mama mwenyewe akiendesha, hadi Mbagala Rangi Tatu na kurudi. Penye foleni ya Mtoni kwa Aziz Ali gari lilisimama kwa muda mrefu juani, injini ikinguruma kwa utulivu. Mama aliinua mguu wake kutoka kwenye kanyagio makusudi, akangoja. Haikuzimika. Hakusema neno, lakini mwandishi, aliyekuwa kiti cha nyuma, aliona kwenye kioo kwamba macho yake yalikuwa yamelowa.

KWA MSOMAJI

Huenda msomaji akasema: haya yanatuhusu nini sisi tusio na Volkswagen? Yanatuhusu. Pikipiki nyingi za bodaboda na jenereta ndogo za majumbani hutumia kabureta zenye boya na jeti vile vile. Kijana wa bodaboda ambaye jeti yake imechokolewa kwa waya huchoma sehemu ya riziki yake kila siku bila kujua. Basi tukumbuke machache.

Andika. Daftari la shilingi chache litakuambia siku ugonjwa ulipoanza, na kwa hiyo nani au nini cha kuuliza.

Usiache petroli ikae miezi ndani ya chombo kisichotumika. Imwage, au iwashe injini mara kwa mara.

Harufu ya petroli si jambo la kuzoea. Simama, zima, tafuta inakotoka. Kazi yoyote ya kabureta ifanywe mahali penye hewa, mbali na jiko na sigara, na kizima moto kiwe karibu. Usinyonye petroli kwa mdomo.

Ukihama mahali, kumbuka kwamba hewa hubadilika. Chombo kilichorekebishwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, kikifika Arusha, iliyo mita 1,400 hivi juu, hukuta hewa nyepesi zaidi na petroli huonekana kuzidi. Si ugonjwa huo, ni mlima.

Na fundi akikuambia kwamba kifaa kimekufa, mwombe kwa adabu akuonyeshe kilipofia.

Gharama yote ya mama huyu, pamoja na bushi, kiwambo, gasketi na ujira, haikufika nusu ya bei ya kabureta mpya aliyokuwa akishauriwa kununua. Wiki tatu baadaye alirudi Gerezani, safari hii akiwa na wifi yake kiti cha mbele, wakitoka kliniki. Alikuwa amelijaza tangi mpaka juu, akatembea kilomita 286, akalijaza tena. Zilikuwa zimeingia lita 29 na nusu.

Fundi alipiga hesabu pembeni mwa gazeti la jana. "Kilomita 9.7," alisema. "Marehemu alikuwa akipata 10. Hiyo iliyopungua ni uzee, shemeji. Gari nalo ni mwenzetu."

Mama alicheka, akafungua daftari juu ya boneti, na chini ya mwandiko wa mumewe na mistari yake mwenyewe ya miezi ya taabu, akaandika tarehe, kilomita, lita na bei. Kisha akamkabidhi mjukuu kalamu, akamwonyesha mstari unaofuata.